Sahani Iliyorudi Tupu

Usiku wa jana niliota, na sitaki kuambiwa ni kwa sababu nilikula sana. Nilikula wastani. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, na vipande viwili vitatu vya keki ya muhogo niliyokuwa naijaribu, ambayo haikuiva katikati. Nikalala, na sahani ikanijia.

Sahani yenyewe naifahamu. Ni yangu, nyeupe, ina maua ya buluu pembeni. Mwezi wa Ramadhani niliijaza kaimati nilizozimwagia shira ya ukwaju, jambo ambalo sijasikia mtu mwingine akilifanya hapa Tanga, nikampelekea jirani yangu Hidaya. Mimi na Hidaya ni mashoga tangu tuko wasichana, na ukuta wa jikoni kwake ndio ukuta wa jikoni kwangu. Yeye ni mpishi wa harusi. Mimi ni mlaji tu, lakini mlaji wa kweli, wa kupanda basi mpaka Pangani kwa sababu nimesikia kuna mtu anachoma pweza vizuri. Kila nikijaribu kitu jikoni, yeye ndiye wa kwanza kuonja. Pilau yangu ya nanasi alionja, akaniambia nikawape kuku, na nikimaliza niwaombe radhi.

Basi kaimati zile zikaenda. Baada ya siku chache nikaikuta sahani barazani kwangu. Imeoshwa, imekaushwa, tupu.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa maana yake. Sahani ya jirani huirudishi tupu. Ukikosa cha kupika unatia ndimu mbili, unatia sukari kidogo, unatia chochote kilichomo ndani, lakini hutii upepo. Kurudisha sahani tupu ni kumwambia mtu kwamba tumeachana. Nikaipokea talaka yangu, nikaifungia kabatini, nikanuna. Idi ikapita, hatujasemezana mpaka leo. Nilichotaka kujua ni kosa langu tu, hata kama ni ukwaju.

Katika ndoto, naingia hoteli moja iliyo ghorofani, sahani nimeipakata. Mhudumu ni upawa wa kuchotea mchuzi. Amevaa koti jeupe, na kwa vile hana mabega koti linamteleza kila akigeuka, analipandisha. Ananiuliza tuko wangapi. Namwambia niko peke yangu.

"Tuko wawili," inasema sahani.

Kusema kwake hakukunishangaza. Nilishangaa kwamba ina sauti ya kizee, maana niliinunua juzijuzi tu.

Upawa akatupa meza ya dirishani. Nikaagiza biriani ya mbuzi. Ikaja, nikaipakua kwenye sahani yangu, kwa kuwa hoteli ile kila mtu huja na sahani yake. Wali ukapita. Haukumwagika, ulipita katikati ya sahani, ukapita meza, ukapita sakafu, na huko chini tukausikia unafika mezani kwa watu. Mtu mmoja akasema bismillahi, wakaanza kula.

Nikaagiza maharage, nikidhani mazito yatakaa. Yakapita. Nikaagiza halua, ambayo naijua inang'ang'ania mpaka meno ya bandia. Ikapita polepole, lakini ikapita. Watu wa chini wakashukuru.

Upawa aliinama, akaigonga sahani pembeni kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Akauliza kama imewahi kurudishwa tupu. Nikakiri.

"Basi haiwezi kushika kitu," akasema. "Iliyorudi tupu itabaki tupu mpaka aliyeirudisha aseme kwa nini."

Nikamwambia hata mimi hilo ndilo ninalolitafuta, na kwamba nina njaa. Akanijibu kwamba njaa yangu si habari mpya kwa mtu yeyote.  Sahani ilikuwa imejifunika kitambaa cha meza kwa aibu.

Niliuliza nitampata wapi Hidaya. Upawa akasema niwaulize vyakula, wao ndio waliomwona mwisho. Na bila mtu kunyanyuka, hoteli ikawa nyingine.

Sasa tuko kwenye kibanda cha kamba wa kukaanga, nyuma ya soko, ambako mimi na Hidaya tulikuwa tukienda kila akimaliza kupika harusi, kwa sababu mpishi wa harusi hali chakula cha harusi. Viti vyetu viwili vipo. Kamba wamekaa kwenye karai, wamekunja miguu yao yote, wamenuna.

Mkubwa wao ndiye aliyezungumza. "Alikuja kabla ya mfungo, peke yake. Alitutafuna, akaacha kutafuna, akatutazama. Akatuuliza sisi ni nani."

Nikasema haiwezekani. Hidaya anamtofautisha kamba wa asubuhi na kamba wa jana akiwa bado yuko mlangoni.

"Alituuliza," kamba akarudia. "Tukamtajia jina. Akasema samahani."

Kamba wadogo wakaangalia pembeni. Nikataka kuwauliza zaidi, lakini kibanda kikawa duka la aiskrimu tulilokuwa tukikimbilia tukitoka shule, na mezani ipo koni moja, imeshaanza kuyeyuka. Ilisema haina muda. Nikaiuliza upesi upesi kama imemwona Hidaya na alisema nini.

"Alisema ni baridi," koni ikajibu.

"Na nini tena?"

"Baridi. Basi."

Ikaisha. Hapo nikaanza kuogopa. Mpaka dakika ile nilikuwa na hasira, na hasira nilishaizoea, ilikuwa imenikaa vizuri kama kanga ya nyumbani. Hofu sikujua niiweke wapi.

Upawa anafunua sufuria kubwa, yale masufuria ya shughuli anamoweza kukaa mtu mzima, ananiambia nipite humo. Ndani mna tui la nazi, vuguvugu. Linanifika kiunoni, linanifika kidevuni, kisha natokea upande wa pili nikiwa mkavu, jikoni kwa Hidaya.

Hidaya amekaa juu ya mbuzi ya kukunia, lakini hakuni nazi. Mbele yake kuna mikebe miwili. Anauuliza wa kwanza, "Wewe nani?" Mkebe unasema, "Sukari." Anauuliza wa pili. Nao unasema, "Sukari." Anaanza upya. Inaonekana kazi hiyo ameifanya muda mrefu, kwa sababu mikebe inamjibu huku inasinzia.

Nikapiga hodi ingawa nimeshaingia. Akanikaribisha bila kuinua macho. Nikaiweka sahani miguuni pake. Tangu Ramadhani nilikuwa nimemwandalia maneno makali, nimeyapanga na kuyapangua kila nikiosha vyombo, na yote yakanipotea.

"Shoga, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Sasa hii?"

Akaitazama sahani. "Tangu ile homa, Mwantumu, ulimi wangu umekufa. Chumvi siijui. Sukari siijui. Pilipili inaniwasha tu, lakini sijui kama ni pilipili."

Ile homa niliikumbuka. Nilimpelekea supu ya kuku yenye iliki, nikakaa kando ya kitanda nikimuuliza kama iliki imezidi. Alisema iko sawa. Nilirudi nyumbani nimefurahi, kwa sababu Hidaya si mtu wa kusema iko sawa.

Nikamuuliza harusi anazipikaje. Akasema mkwewe, mke wa mwanawe, ndiye anayemwonjea kwa siri. Wanasimama karibu karibu kwenye sufuria, mkwe anaonja, akifumba jicho moja basi chumvi imetosha. Na Hidaya alifanya hivyo huku watu wakimsifu, akirudi nyumbani analia.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Alisema bila ugomvi, kama anayenisomea bei ya nyanya. "Wewe kila siku umesimama mlangoni na kijiko, nionje. Nionje ukwaju, nionje muhogo. Ningekurudishia nini? Nipike visheti nitie chumvi, ucheke?"

"Nisingecheka."

"Ungecheka. Kisha ungewasimulia watu, na ungesimulia vizuri, maana unajua kusimulia. Mwenye harusi mmoja akisikia, mimi nimekwisha."

"Ungetia hata ndimu."

"Ndimu anapewa mtu wa mtaa wa pili. Wewe ningekupa ndimu ungejua siku ile ile."

Sahani ikageuza uso ukutani. Mimi nilitaka kubisha, nikaona mikebe yote miwili imeamka inanitazama. Iliniuma, na bado inaniuma. Alikuwa radhi nimwone mwenye kiburi, nimnunie mwaka mzima, kuliko nimwone mpishi asiyejua chumvi. Nililielewa hilo na sikulipenda hata kidogo.

Upawa akatokea nyuma yangu, akapandisha koti. Alisema sababu imeshatajwa, kwa hiyo sahani sasa inaweza kushika. Lakini kuna jambo jingine. Nimeingia nyumba ya watu na sahani tupu.

"Hata yeye aliirudisha tupu," nikasema.

"Yeye ameshajieleza," Upawa akasema. "Aliyeleta tupu hatoki."

Nikatazama nyuma. Sufuria lilikuwa limeshafunikwa, na mlango wa jikoni ulikuwa umekwenda kusimama mtaani. Nikafungua mkoba. Mna vijiti vya meno vya hoteli nyingi, na karatasi za kufutia mikono ambazo huwa nazichukua. Nikaviweka kwenye sahani. Upawa akaviondoa, akasema hivyo ni vya hoteli, anataka kilicho changu. Kisha akaniambia nifumbue mdomo.

Nilijua anachotaka. Nikamwambia achukue nusu. Akasema kwao hawapimi nusu. Nikamgeukia Hidaya, nikingoja aseme, aah, shoga, acha hiyo. Hakusema. Alikuwa ameutazama mdomo wangu kama anavyotazama sufuria anapotaka kujua kama limeanza kuchemka.

Nikafumbua. Sikufanya kwa wema, watu wasinisifu. Nilifanya kwa hasira, na kwa sababu nilitaka kila atakapokula anikumbuke mimi.

Upawa akaingia, akachota, akatoka. Haikuuma. Kilichotoka kilikuwa na ukubwa wa tunda la kunazi, na rangi ya chai ya maziwa. Humo ndani mlikuwa na pweza wa Pangani, na kamba wote wa nyuma ya soko, na ubuyu wa utotoni, na kaimati za ukwaju, na muhogo mbichi wa jana. Nilitegemea kitu kikubwa zaidi, kwa jinsi nilivyokihangaikia maisha yangu yote. Akakiweka kwenye sahani. Hakikupita.

Hidaya alikichukua kwa vidole viwili, akakimeza. Akachovya kidole kwenye mkebe wa kwanza, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Muongo wewe," akauambia mkebe.

Akainuka pale kwenye mbuzi. Akawasha jiko, akachukua vitunguu, akaanza kukata kwa ile kasi yake ya siku za harusi. Anakata, anaonja, anatia, anaonja tena. Nimesimama nangoja. Sijui nangoja nini, labda aniambie niketi. Anapita mbele yangu mara mbili kufuata mafuta, mara ya tatu ananisogeza kwa kiwiko.

"Mwantumu, unanizibia njia."

Nikaondoka kwa kupitia sufuria. Tui lilikuwa limeshapoa, na juu limeganda mafuta.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Nikachemsha chai ya tangawizi. Nikanywa, nikadhani nimesahau sukari. Nikatia. Nikanywa, nikatia tena. Nikakata kipande cha keki ya muhogo, kikawa kama natafuna sponji ya kuoshea vyombo, jambo ambalo kwa keki ile halikuwa ushahidi wa kutosha. Nikamimina chumvi kiganjani, nikalamba. Ilikuwa mchanga. Nikajiambia ni mafua, ingawa pua ilikuwa wazi na kichwa hakiumi.

Ndipo nikamsikia Hidaya upande wa pili wa ukuta. Miezi hii yote upande ule wamekuwa wakila kimya.

"Nani katia chumvi kiasi hiki? Mwaga."

Mkwewe akajibu kitu ambacho sikukisikia.

"Nakwambia imezidi, naisikia mpaka kooni. Lete hapa nipike mwenyewe."

 Kisha yule mkwe akaanza kulia, au kucheka, kwa ukuta ule si rahisi kujua, na Hidaya akamwambia anyamaze, akaanza kucheka yeye.

Nilikaa na kikombe changu nikisikiliza mafuta yakichemka. Harufu ya vitunguu ilinifikia vizuri kabisa. Aliimba, akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, akamwita mkwewe aje aonje kwa raha zake. Nilingoja mlango wangu ugongwe mpaka chai ikapoa, haukugongwa, nikainywa yote, nikaosha kikombe.