Majani Ndani ya Kengele

Mutu akikuambia magoti ya mama muzee yanapona kwa kupakwa mafuta ya mawese, umucheke. Yangu nimeyapaka mpaka shuka zimekuwa nyekundu, na kila alfajiri yanalia vilevile. Ningelala, lakini mbwa wetu, jina lake Watasema, hanipi nafasi. Anakuja kitandani, ananipumulia usoni mpaka niamke.

Watasema ni mbwa wa marehemu bwana yangu, Christophe. Jina lile alimpa yeye mwenyewe, ili majirani wetu wa hapa Kasongo wenye midomo mirefu wajue anawasikia. Ni mbwa wa kuwinda. Habweki, na shingoni iko na kengele ya mti. Ukitoka nyumbani unaijaza majani inyamaze, nyama wa msituni wasisikie. Ukifika msituni unayatoa, mbwa anaingia, unamfuata kwa mulio. Christophe alikuwa anachuma jani kavu la mgomba wangu nyuma ya jiko, anajaza kengele, anaenda. Miaka ya mwisho alikuwa anarudi mikono mitupu.

"Nyama wamekimbia, Louise."

"Wamekimbia tumbako yako!" namwambia, na tunacheka.

Sasa mutoto wetu Fabrice amekasirika kwa sababu nilianguka njiani na huyu mbwa.

"Mama, Jumapili, siku ya Mungu, nakuja na pikipiki. Nitamupeleka Lusangi kwa wawindaji. Atakuvunja huyu!"

Wee! Katika nyumba ile, mwenye kupumua pamoja nami amebaki mbwa peke yake. Niliumia sana, lakini magoti yangu yalikuwa upande wa Fabrice, ningesema nini?

Na kuna jambo lilikuwa linanisumbua. Mbwa wa kuwinda, kila asubuhi nikitoka naye, hashiki njia ya msitu. Anashika njia ya msikiti! Akifika kwenye ukuta wa Papa Assumani, fundi cherehani wa zamani, anajilaza kando ya gogo lililoko pale nje, hasogei tena. Mimi namvuta kwa hasira. Kumlazia mbwa mlangoni mutu anayetoka kuswali, ni adabu gani hiyo? Lakini anatafuta nini pale? Akishapelekwa Lusangi, nani ataniambia?

Jumamosi sikumvuta. Nilikaa juu ya gogo, na magoti yakanishukuru. Kisha nikachungulia nyuma yake, mahali mvua haifiki. Kulikuwa na fungu la majani makavu ya mgomba, yamekunjwakunjwa, kila moja kadiri ya kujaza kengele ya mbwa. Nikaokota moja.

Mlango ukafunguka. Papa Assumani akatoka, mkono kiunoni, akasimama mbali kidogo na mbwa asije akaharibu udhu wake.

"Karibu, shemegi. Nilikuwa najiuliza utakaa siku gani."

"Papa Assumani, haya majani ni ya nani?"

"Ya Christophe. Magoti yake yalikataa msitu zamani. Alikuwa anafika hapa, anatoa majani, kengele inalia, na mimi najua amefika. Tunakaa, yeye na magoti yake, mimi na mgongo wangu, tunalalamika mpaka jua linatoka. Tangu amekufa, nimekataza watu wa nyumbani kufagia hapo."

"Mimi aliniambia anaenda kuwinda!"

"Alisema, 'Louise aliolewa na mwindaji. Sitaki aamke siku moja pembeni ya muzee.'"

Nililia. Kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Mujinga yule, jamani! Na mimi mafuta yangu ya mawese nilikuwa nayapakia jikoni, mlango nimeufunga, asijue kama nimezeeka.

Siku ya Mungu Fabrice alifika giza halijaisha, kamba mkononi. Alinikuta nyuma ya jiko, nimeshika jani la mgomba, Watasema amenyoosha shingo.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kuwinda."

"Na magoti hayo?"

"Ya baba yako yalikuwa mazuri?"

Mbwa akatangulia, akashika njia ya msikiti.

"Mama! Msitu iko huku!"

"Najua," nikamjibu, bila kugeuka.

Tulienda polepole, kengele kimya. Nilipofika kwenye gogo, ndipo nikatoa majani.