Kanisa la Mikono Miwili

Babu yangu alilijenga kanisa lile kwa sababu ya neno moja. Alikuwa mfyatua matofali, mshirika wa kanisa kubwa la mjini, na siku moja baada ya ibada alimwuliza mchungaji wake kwa nini watu hunyunyiziwa maji kichwani ilhali kubatiza, kwa maana yake ya asili, ni kuzamisha. Mchungaji alimwambia arudi kwenye matofali yake. Babu akarudi. Kwa matofali hayo alijenga nyumba ya ibada juu ya kilima, na kabla ya kuinua ukuta wa kwanza alichimba nyuma yake birika la kubatizia, lenye ngazi za kushukia na kina cha kufika kifuani. Majirani walimcheka kwamba amejenga bafu kabla ya nyumba. Aliwajibu kwamba asiyetaka kulowa asihangaike kupanda kilima.

Hivyo ndivyo Wabaptisti walivyoanza pale. Hawakuwa na askofu wala hawakumtaka. Kila jambo liliamuliwa kwa kura ya washirika: kumwita mchungaji na kumwondoa, kupokea na kutenga, hata rangi ya milango. Mkono wa mfagizi ulikuwa na uzito uleule wa mkono wa shemasi. Nimekuwa hakimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na bado sijaona utaratibu ulio wa haki kuliko huo, wala ulio mkali kuliko huo.

Kwa mikono hiyohiyo kanisa lilijimaliza. Nilipokuwa mtoto mabenchi yalijaa na wengine walisimama ukutani. Kisha binti pekee wa Seremala akapata mimba kabla ya ndoa. Seremala alikuwa shemasi, mtu mrefu mwenye vidole vilivyojaa makovu, na ndiye aliyetengeneza mabenchi yote yale. Hakumficha mwanawe. Alimleta mwenyewe mbele ya kikao, akitumaini kwamba watu aliowatengenezea vitanda vya ndoa na majeneza ya wazazi wao wangemhurumia. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, alitoa hoja kwamba binti atengwe. Hoja ikapita. Binti akaondoka kilimani, akafia uzazini kwa watu baki, na kwa kuwa hakuwa tena mshirika alizikwa nje ya uzio wa kanisa, mtoto wake kifuani.

Wengi walidhani Seremala angehama. Nusu ya kanisa ilihama kwa ajili yake, yeye akabaki. Kila kikao cha mwezi alisimama na kutoa hoja ileile: jina la mwanawe lirudishwe katika ushirika na kaburi lake liingizwe ndani ya uzio. Kila kikao Shangazi aliipinga. Kanisa, alisema, halina mamlaka juu ya waliokwisha kuhukumiwa na Mungu. Naye Shangazi kila kikao alitoa hoja kwamba aitwe mchungaji mpya, kwa maana kanisa lisilo na mhubiri ni ghala. Seremala akaipinga: hakuna mchungaji atakayehubiri mahali ambapo mwanawe amelala nje kama mbwa. Wazee wakafa, vijana wakaenda kutafuta kazi, hatimaye wakabaki wao wawili pamoja na mjane mmoja kiziwi ambaye aliinua mkono wa kuafiki, kisha akainua wa kupinga, akiamini kwamba anashiriki wimbo. Paa likatoboka. Hoja ya kulikarabati nayo ikafungana, kwa sababu hawakuafikiana waanzie upande gani.

Kisha mjane akafa.

Mtu aliyetoa kilima kile zamani alikuwa ameweka sharti: ardhi ni ya kanisa maadamu kanisa lipo, likifa, irudi kwa ukoo wake. Na katiba ya kanisa, kazi ya babu yangu mwenyewe, ilisema kwamba kanisa ni washirika wasiopungua watatu. Mjukuu wa mtoa ardhi, mfuga kuku mwenye adabu nyingi, alipanda kilima kuwapa pole ya mjane, akanywa chai yao, akawaambia kwamba atangoja hadi mwisho wa mwaka. Wasipompata wa tatu, atachukua milki yake.

Ndipo Shangazi aliponiita.

Nilimkuta jikoni akichambua mchele kwenye ungo. Alikuwa amekonda, na kikohozi kilimshika katikati ya maneno.

"Umenenepa, baba," alisema. Aliniita baba tangu nilipozaliwa, kwa kuwa nilirithi jina la babu. "Hukumu zinalipa."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaa. Usikae hapo, kiti hicho kina mguu mmoja mbovu, na fundi aliyepo hapa sisemi naye ila kikaoni." Alitupa kijiwe nje. "Sikiliza. Mimi sina muda mrefu. Nataka kulala karibu na baba yangu, ndani ya uzio. Yule mfuga kuku akichukua kilima, halali mtu mwingine pale. Njoo uwe wa tatu."

"Nitakuja kila Jumapili itakayowezekana," nilimjibu. "Lakini ujue jambo moja mapema. Hoja ya Seremala ikiletwa, nitaiunga mkono. Mtoto wa watu ameadhibiwa vya kutosha."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Utanipinga mimi?"

"Nitapiga kura kama ninavyoamini. Si ndivyo babu alivyotaka?"

Akaendelea kuchambua. "Ndivyo alivyotaka," alisema. "Mwenyewe alinipinga mara nyingi, na chakula nikampa. Njoo hivyohivyo."

Kwa hiyo nilikwenda kikaoni nikiwa na hakika kwamba nitapokewa. Shangazi alinihitaji ili apate kaburi lake. Seremala alinihitaji ili binti yake apate lake. Sijapata kuona kesi ambayo pande zote mbili zilikuwa na sababu kubwa namna hiyo ya kukubaliana.

Waliketi kila mmoja upande wake, mabenchi matupu katikati yao, na mwanga uliopenya kwenye matundu ya paa ukawadondokea madoadoa. Seremala aliongoza kikao. Shangazi alikuwa katibu. Nilisimama mbele nikatoa ushuhuda wa imani yangu kwa kifupi, kama nilivyofundishwa kusimama na kusema.

"Umebatizwa?" aliuliza Seremala.

"Nimebatizwa."

"Wapi?"

"Shule ya bweni, katika kanisa la shule. Nilikuwa nimeshapata akili za kutosha, niliomba mwenyewe. Mwalimu mkuu alinimwagia maji kichwani mbele ya shule nzima, nami nikaapa."

Seremala alijikuna kidevu.

"Alikumwagia," alisema. "Kichwa kililowa. Mabega je?"

"Mabega yalikuwa ndani ya koti la shule."

"Basi koti ndilo lililobaki na dhambi," alisema Shangazi, na kwa mara ya kwanza nikawaona wote wawili wakicheka kitu kimoja. Kicheko cha Shangazi kiligeuka kikohozi. Seremala alingoja kwa heshima hadi kilipotulia.

"Hakimu," alisema, "birika liko hapo nyuma. Mvua imelijaza. Mimi ni shemasi, naruhusiwa. Unashuka, unazama, unapanda. Nguo ya kubadili nitakuazima, ingawa itakubana tumboni."

Niliwaeleza, kwa utulivu na kwa mpangilio, kwa nini sitashuka. Sikubatizwa mchanga, bila kujua. Niliamini, nikaomba, nikaapa. Katika shule ile tulifundishwa kwamba mtu hutoa neno lake mara moja, na kwamba anayelitoa mara ya pili amekiri kuwa la kwanza halikuwa neno. Nikishuka katika birika nitakuwa nimesema mbele ya Mungu kwamba siku ile nilisimama pale na kulowa bure. Masharti mengine yote ya kanisa nayakubali. Hilo siliwezi.

"Umemaliza?" aliuliza Seremala.

"Nimemaliza."

"Kuna hoja kwamba huyu ndugu apokewe kama alivyo, bila kuzamishwa. Katibu, unaiunga mkono?"

"Naiunga mkono ili ipigiwe kura," alisema Shangazi. Ndivyo walivyokuwa wakifanya kwa miaka yote ile; kila mmoja aliunga mkono hoja ya mwenzake apate kuipinga.

"Wanaoafiki?"

Nilimtazama Shangazi. Mikono yake ilikuwa mapajani, mmoja juu ya mwingine. Nilimtazama Seremala, mtu ambaye asubuhi ile alinishika bega mlangoni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli nitamkumbuka mwanawe. Hakusogeza kidole.

"Wanaopinga?"

Mkono wa Shangazi ulipanda, mwembamba. Mkono wa Seremala ulipanda pia. Walitazamana juu ya mabenchi matupu, na nadhani walishtuka zaidi yangu. Tangu siku ya kumtenga yule binti hawakuwahi kupiga kura upande mmoja.

"Hoja imeanguka," alisema Seremala. "Kwa kauli moja."

Baadaye nilimfuata kwenye karakana yake. Alikuwa akipiga randa ubao ambao haukuhitaji kupigwa randa. Maranda yalimwangukia miguuni, naye hakuinua uso.

"Maji ni maji tu, baba," alisema. "Unafumba macho na kufumbua. Kisha mwanangu anaingia ndani."

"Kama ni maji tu, mbona uliinua mkono?"

Randa ilisimama. Alitoa kisu chake, akakwangua utomvu uliong'ang'ania kwenye chuma, akakwangua hata pasipokuwa na utomvu.

"Wewe ni mjukuu wa yule mzee kabisa," alisema hatimaye. Hakulisema kama sifa, wala sikulipokea kama tusi.

Shangazi hakuniomba. Alinipakulia chakula, akaniuliza habari za watoto, akanifungia viazi kwenye mfuko nipeleke mjini. Nilipowasha gari alisimama mlangoni akiwa amejifunga khanga kifuani kuzuia baridi, na nilijua kwamba neno moja langu lingemlaza mahali alipotaka kulala. Nilijua vilevile neno hilo lingekuwa nini. Niliondoka.

Mwaka ulipokwisha, mfuga kuku alipanda kilima na mafundi wawili. Aliahidi kwamba makaburi ya ndani ya uzio hayataguswa, na nasikia ametimiza. Lakini hakuna mwingine aliyezikwa pale tangu siku hiyo. Alihifadhi chakula cha kuku palipokuwa na mimbari. Aliwaruhusu washirika wachukue mabenchi, Seremala akayabeba moja moja mgongoni hadi kwenye karakana, akakataa msaada wa mtu yeyote. Mmoja wa wale mafundi alimtania, "Mzee, unahamisha kanisa?" Seremala alimjibu kwamba kanisa lina miguu yake; yeye anahamisha mbao tu.

Shangazi nilimleta kwangu mjini, kifua chake kikiwa kimeharibika kabisa. Nilimpa chumba chenye jua. Jumapili hakukubali kwenda nami kanisani; aliketi kitandani na kitabu chake cha nyimbo, akaimba alichoweza hadi pumzi ilipomkatalia. Mke wangu alimwuliza kama angependa tumwite mchungaji wetu aje kumwombea. Alisema mchungaji ni mtu mwema sana, ila aje akiwa amelowa.

Siku zake zilipokuwa za kuhesabika alimwagiza Seremala. Alikuja kwa basi, kofia mkononi, suti ikinuka mafuta ya taa aliyosafishia madoa ya vanishi. Nilimkaribisha chumbani, nikamletea kiti. Alikitikisa kwanza, akaona kiko imara, akaketi. Kwa muda waliulizana habari za mvua na za watu waliokufa. Nilikuwa nimeegemea ukuta, nikimshikia Shangazi gilasi ya maji.

"Katibu yupo?" aliuliza Seremala ghafla.

"Yupo," alijibu Shangazi. Alijitahidi kuketi wima. Nilimwekea mto mgongoni.

"Basi tufungue kikao."

Wote wawili walinigeukia. Ilinichukua muda kuelewa walikuwa wakingoja nini.

"Baba," alisema Shangazi kwa upole, "tunaomba utupishe. Ni mambo ya washirika."

Niliweka gilasi mezani, nikatoka, nikafunga mlango. Nilisimama ukumbini katika nyumba niliyoijenga kwa mshahara wangu, na kupitia mbao za mlango nilisikia sauti ya Seremala ikisoma kitu polepole, kisha ukimya, kisha kikohozi, kisha ukimya tena ambao huenda ulikuwa wa mikono kuinuliwa. Sikutega sikio. Mtu aliyelelewa nilivyolelewa hasikilizi mlangoni. Nilikwenda kukaa barazani hadi Seremala aliponiita.

Shangazi alikuwa amelala akitazama dari. Seremala alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwetu, akipenga kamasi kwa leso kubwa ya hudhurungi.

Shangazi alifariki kabla ya wiki kwisha. Tulimzika katika makaburi ya manispaa, kwenye safu ya watu wasiojuana, mstari ulionyooshwa kwa kamba. Jeneza alilitengeneza Seremala, akaja nalo juu ya basi, na hakutaka malipo. Ardhi ilikuwa na mawe. Wachimbaji walilalamika hadi mwisho.

Tulipokuwa tukitoka getini nilimwuliza kikao kile kiliamua nini. Nilimwuliza kama mpwa wa marehemu, na kama mtu aliyekuwa tayari kumpigia mwanawe kura.

Aliendelea kutembea hatua chache.

"Wewe si mshirika," alisema.

Nilimwambia kwamba hivyo ndivyo katiba inavyosema. Alikubali kwa kichwa, nami nikamsindikiza hadi kituo cha basi.