Nafasi ya Agar

Tangu wakimbizi wa Eringeti wafike mjini Beni, hakuna aliyekubali kula na mwenzao Agar. Mwanawe alikuwa amejiunga na waasi waliochoma kijiji chao. Rébecca, aliyewapikia wote katika uwanja wa kanisa, alimpelekea chakula nyuma ya jiko, kwa kujificha. Asubuhi hiyo Agar alifunga mzigo wake. “Heri nirudie kule, nikufie kwetu,” alisema. Rébecca alimsihi angoje kwanza ale.

Mchana gari la maji likaja. Dereva wake alikuwa Gurdeep, askari Mhindi wa Umoja wa Mataifa, mwenye kilemba. Rébecca alimletea kiti cha mchungaji na sahani ya bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Gurdeep alikiacha kiti, akavua viatu, akaketi udongoni.

Wanawake wakatazamana. Kwa Wanande, wenyeji wa Beni, mgeni mwanaume haachi kiti akae chini ila akiwa na msiba. Mama Syauswa, mzee kuliko wote, akamshika mkono.

“Pole, papa. Nani amekufa kwenu?”

“Hapana mutu amekufa, mama. Kwetu batu bote banakula chini.”

“Askari ba dunia muzima, na kiti hapana,” mmoja akanong’ona, wakacheka kidogo.

Gurdeep akawasimulia habari za Amritsar, mji mtakatifu wa Wasikh, watu wa dini yake. Mwalimu wao wa nne alichimbisha bwawa. Wa tano akajenga hekalu katikati ya maji, lenye milango minne, ili watu wa kila upande waingie. Maadui walilibomoa, wakalifukia bwawa. Waumini wakarudi, wakachimba upya. Jikoni mwa hekalu hilo tajiri na maskini huketi chini, mstari mmoja.

“Na mutu mwenye alikuumiza?” Rébecca akauliza.

“Naye anakula kwanza. Maneno inakuya nyuma.”

Rébecca akainuka, akaenda nyuma ya jiko, akamtua Agar mzigo kichwani.

“Kuya tukule.”

“Batanifukuza.”

“Basi batufukuze sisi wawili.”

Akamketisha kando yake, mbele ya watu wote. Wanawake wawili wakabeba sahani zao, wakaondoka. Mama Syauswa, aliyempoteza mjukuu wake walipowakimbia waasi hao, alibaki. Hakumtazama Agar.

“Mimi hapana nakusamehe,” alisema. “Unasikia?”

“Nasikia, mama.”

Mama Syauswa akavuta kikwembe alichojifunga kiunoni, akasogea kidogo, Agar apate pa kunyoosha miguu.

“Kula. Inapoa.”