Marehemu Alipopokea Simu

Baba mdogo Polycarp Ngonyani alifariki Jumanne asubuhi, Februari mwaka 2012, akiwa amevaa kiatu kimoja. Cha pili alikuwa amekishika mkononi. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba yake Mississauga, karibu na Toronto, anamlalamikia mkewe kuhusu soksi, mara akakatisha sentensi katikati. Mama mdogo Clementina alikuwa jikoni. Kwa kuwa alimjua mumewe kwa mizaha, alidhani anategwa tu ili atoke, akaendelea kukaanga mayai. Mayai yaliungua.

Kazi ya Polycarp pale uwanja wa ndege ilikuwa kuendesha lile gari fupi linalosukuma ndege kinyumenyume ziachane na jengo la abiria. Alijisifu kwamba hakuna rubani aendaye mbele Toronto kabla Mngoni hajamrudisha nyuma. Watu walimwita Kapteni, hata padri. Ukapteni wenyewe ulikuwa wa timu ya mpira ya maveterani wa Kitanzania, ambako alicheza beki wa kushoto na kuwalaumu wengine.

Aliyeumia kimyakimya ni Urbanus, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akiishi chumba cha chini. Alikuwa amemaliza shule ya urubani vuli iliyopita, ana leseni yenye saa mia mbili na kumi za kuruka, na kibali cha kazi kilichobakiza miezi sita. Kama asingepata kampuni ya ndege ndani ya miezi hiyo, angerudi Songea kuwaeleza watu kwa nini rubani amerudi kama abiria. Alikuwa ameandika maombi arobaini na moja. Kampuni moja tu ndogo, ya huko kaskazini, ndiyo iliyomjibu ikitaka jina la mdhamini anayefahamu kazi za uwanjani. Polycarp alimnyang'anya fomu akaijaza mwenyewe kwa herufi kubwa: KAPTENI P. NGONYANI, na namba yake ya simu. Urbanus alipinga. Baba mdogo akamuuliza kama kuna neno la uongo hapo, na kweli hapakuwa na hata moja.

Siku ya tatu ya msiba nyumba ilijaa. Viatu vyenye theluji vilirundikana mlangoni, na watu walingoja karatasi za kusafirisha mwili. Mchana ndipo akaingia Clara, Mhehe wa Iringa, nesi mwenye sauti kubwa kama ya mtangazaji wa mpira. Yeye na marehemu walikuwa watani, kama walivyo Wahehe na Wangoni. Miaka minane Polycarp alikuwa akibandua matangazo ya mbwa waliopotea kwenye nguzo za umeme na kumpelekea Clara nyumbani, akimsihi awarudishe kwa wenyewe kabla hawajaiva, maana Wahehe hutaniwa kuwa wanakula mbwa. Sasa zamu ilikuwa ya Clara, na mtani msibani hazuiwi. Alivaa koti la kazi la marehemu, lile la manjano la kung'aa, akatia mguu katika kiatu kimoja, akaanza kuchechemea sebuleni akilaumu soksi.

Watu walikuwa wakijizuia kucheka. Ndipo simu ya marehemu ikaita juu ya kabati.

Clara aliichukua. Mtani akishajifanya marehemu, vya marehemu vyote ni vyake. Akabonyeza spika ili kila mtu afaidi, maana wote walidhani ni wale wauza bima.

Sauti ya mzungu ikauliza kwa Kiingereza kama anaongea na Kapteni Ngonyani.

"Ndiye mimi," Clara akasema, amenyoosha mgongo. "Sema haraka, nasubiriwa mbinguni."

Mzungu akacheka. Akajitambulisha kuwa ni mkuu wa marubani wa ile kampuni ya kaskazini, anauliza habari za Urbanus. Urbanus alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, akimtikisia Clara kichwa. Clara alimwona, ila alikuwa ameshakolea. Alipoulizwa amerusha ndege gani, alijibu kwamba zote amezirudisha nyuma. Alipoulizwa kijana yukoje, alisema ni mkweli mpaka anachosha, anaamka mapema, hajui kupika, na chakula cha wenzake kifichwe. Mama mdogo Clementina, ambaye tangu Jumanne hakuwa amefungua mdomo isipokuwa kwa sala, alijifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Urbanus hakuweza kujua kama analia au anacheka. Pengine hata mwenyewe hakujua.

Kesho yake mkuu wa marubani alimpigia Urbanus mwenyewe. Nafasi ipo, alisema, aanze mwezi ujao, rubani msaidizi, kiti cha kulia. Kisha akaongeza kwamba yule Kapteni ni mama mchangamfu sana, na kama ana nafasi angependa aje awafundishe vijana wake.

Urbanus aliomba dakika kumi.

Clara, aliyekuwa akiosha masufuria, alisema amwambie ni utani, basi. Urbanus akamuuliza utani kwa Kiingereza unaitwaje. Clara akarudi kwenye sufuria. Mama mdogo Clementina alikuwa mezani akikunja mashati ya mumewe. Hakuinua macho.

"Baba yako mdogo hakukuandikia uongo," alisema. "Usimsemee uongo leo, yuko ndani ya jeneza na hawezi kujitetea."

Basi akapiga. Akaeleza kwamba Kapteni ni wa mpira, kwamba alifariki Jumanne, na kwamba kwao mtu akifa yupo anayeruhusiwa kuvaa nguo zake na kusema kwa niaba yake ili wafiwa wasizame. Alijisikia akieleza vibaya.

"Kwa hiyo jana niliongea na marehemu," mkuu wa marubani akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na alicheza namba ngapi?"

"Beki wa kushoto."

"Na hayo ya chakula?"

"Hayo ni kweli."

Mzungu alishusha pumzi. Alisema pole, na ilisikika kuwa imetoka moyoni. Kisha akasema hawezi kumweka mtu kwenye kiti cha rubani kwa udhamini wa marehemu, kwa sababu faili hukaguliwa. Lakini kupakia mizigo hakuhitaji mdhamini, na kwake marubani wengi wameanzia huko. Kama Urbanus atavumilia baridi, aje, na watu wa huko watamdhamini wakishamjua.

Clara aliposikia alitaka kujua kama kaskazini kuna mbwa. Akaambiwa wapo wengi, tena wanavuta sleji juu ya theluji. Akasema basi atakwenda kumtembelea.

Urbanus aliondoka wiki mbili baada ya mwili kusafiri kwenda Songea. Alipakia maziwa, betri na nepi kwa mwaka na miezi miwili, na kibali chake kikaongezwa. Sasa anakaa kiti cha kulia Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine bado anapakia mizigo.