Jicho la Kushoto la Mama Foto

Watu wa Kolwezi hawapigwi picha, wanajipanga. Mwambie mtu wa huko unataka kumpiga foto, hata kama alikuwa anacheka na wenzake, hapo hapo anakauka, anavuta pumzi, anakaza shingo, anakutazama kama umemfuata nyumbani kumdai kodi. Bilkisi alishawazoea. Kazi yake ilikuwa picha za nje, za watu na za michezo, na hila yake ilikuwa moja tu. Anamwacha mtu ajikaze weee, anabonyeza mara moja bure, kisha anashusha kamera na kusema, "Bon, imeisha, aksanti tata." Mtu anatoa pumzi, mabega yanalegea, uso unarudi kuwa wake. Hapo kamera inapanda tena, chap, foto ya kweli imepatikana. Wapo waliomwita mwongo kwa ajili hiyo. Walipoiona picha walinyamaza.

Jumapili ile ya mechi kubwa aliwapiga wachezaji wa timu ya Étoile asubuhi, jua likiwa bado chini, pembeni ya uwanja ambako mchanga mweupe wa mabaki ya mgodi, ule wanaouita rambulé, umemwagika mpaka karibu na mstari. Wengi wanauchukia mchanga ule, na wana haki, maana unaingia mpaka kwenye bukari, ugali wao. Bilkisi aliupenda kwa jambo moja: unarudisha mwanga juu kwenye nyuso. Msimamishe mtu mweusi tii kwenye udongo mwekundu saa sita mchana, macho yake yanageuka mashimo. Msimamishe kwenye mchanga mweupe, asubuhi, mgongo ukiwa kwenye jua, utamwona mpaka kope.

Wa mwisho kuja alikuwa golikipa, Iddy, mumewe.

"Mama Latifa," alisema, akimwita kwa jina la binti yao, "mi ile mutego yako nayijua. Piga tu."

"Basi usijikaze."

"Sijikaze. Niko na woga."

Na woga wake ulikuwa na sababu. Tata Tshilombo, muuza vipuri na rais wa timu, alikuwa ameleta kijana mmoja kutoka Mutshatsha, mrefu, mikono kama makasia, na alishatangaza mbele ya wote: Iddy akifungwa goli leo, hata moja, glovu zinahamia kwa kijana. Mtu mwingine angesema, si mpira tu? Lakini Iddy hakuwa na kingine. Juma zima alikuwa dereva wa lori la mjomba wake, anabeba makala, ule mkaa wa kupikia, anatukanwa na kila mtu barabarani. Jumapili, kati ya milingoti ile, watu waliimba jina lake. Bilkisi aliyajua hayo kuliko yeyote, kwa kuwa ndiye aliyeishi na huyo mtu wa Jumatatu.

"Leo ukae nyuma ya goli yangu," Iddy alisema. "Mi naitaka foto moja ya kuruka. Pengine ni ya mwisho."

"Nyamaza na maneno yako," Bilkisi alimjibu, lakini alikwenda kukaa huko.

Mchezo wa mbio na mtu aliyetulia havipigwi namna moja. Kwa mtu unangoja uso. Kwa mpira ukingoja umekwisha. Bilkisi alipiga magoti chini kabisa pembeni ya mlingoti, ili golikipa akiruka aonekane angani, si mbele ya fujo la watazamaji. Lenzi aliilenga kwenye mlingoti mapema, akaiacha hapo. Kasi ya kamera aliipandisha hadi mavumbi yenyewe yangesimama hewani. Wala hakupiga mfululizo kama wanavyofanya vijana wa siku hizi, wanamwaga picha kama mahindi, halafu wanakaa usiku kuchambua. Yeye alipiga moja.

Na alipiga macho yote mawili yakiwa wazi. Hilo watu walilicheka, wakasema Mama Foto hajui hata kufumba jicho. Wacha wacheke. Kamera yake ilikuwa ya zamani, ya kioo ndani, na kioo kile kinaruka juu wakati wa kupiga. Kwa jicho la kulia, lile lililo kwenye kamera, wakati foto inaingia ni giza. Kwa hiyo mpiga picha haoni kile anachokipiga. Jicho la kushoto ndilo linaloona mpira unatoka wapi, mtu anaruka lini, na linaendelea kuona baada ya hapo.

Étoile walikuwa mbele kwa goli moja, na mchezo ulikuwa unakaribia kwisha, wapinzani wao, Umoja, walipopata kona. Mpira ulikuja juu, mtu akaupiga kichwa, Iddy akaruka nyuma akiwa amejinyoosha mwili wote na kuudaka kifuani. Bilkisi akabonyeza. Giza kwenye jicho la kulia. Jicho la kushoto likamwona mumewe akishuka na mgongo, ng'ambo ya mstari, mpira mzima mikononi ukiwa ndani ya goli, kisha akijivuta mbele haraka haraka. Halafu vumbi likafunika kila kitu.

"Goli!" walipiga kelele Umoja.

"Goli ya wapi? Mama yako!" walijibu Étoile.

Mwamuzi, Tata Stany, karani mnene mwenye haya, alikuwa ameona migongo tu. Msaidizi wake alikuwa anajifuta mchanga machoni. Watu wakaingia uwanjani, wakaanza kusukumana, na mmoja akasema lile lililokuwa kichwani mwa wengi: Mama Foto alikuwa pale pale.

Antoine, kapiteni wa Umoja, akaruka juu. "Aka! Huyu ni bibi ya golikipa! Bibi atasema nini? Maneno yake hatutaki. Aoneshe foto tu. Mutu anasema bongo, uongo mutupu, foto haisemake bongo!"

"Ni vile," wakakubali wote, hata Étoile. "Foto tu!"

Tata Stany alikuja, akaweka kiganja juu ya kioo cha nyuma ya kamera, kile kinachoonesha picha, kukinga jua, akainama. Bilkisi naye alikuwa anaiona kwa mara ya kwanza. Haki ya Mungu, hajawahi kupiga picha kama ile. Iddy alikuwa hewani kama mtu asiyejua uzito ni nini, kila chembe ya vumbi imesimama pembeni yake, uso wake hauna woga hata kidogo, na mpira uko kifuani, mbele ya mstari. Mbele kabisa.

"Haikuingia," alisema Tata Stany, na akapeleka filimbi mdomoni.

Angenyamaza, nani angemlaumu? Lakini Bilkisi alikuwa mtu aliyekula kwa kujua kwamba foto ya kwanza si ya mwisho, kwamba mtu akishabonyezewa bado kuna kinachofuata. Kuwaona watu wazima wamekubaliana hivyo juu ya kioo kile kidogo, na yeye anajua, kulimkera. Maneno yalimtoka kabla hajayapima.

"Tata Stany, ngoja. Ile foto ni ya mbele kidogo, mbele aanguke. Kisha yake alianguka ndani. Mi niliona, na jicho ya kushoto. Baloni iliingia yote."

Iddy alikuwa amesimama hapo hapo, glovu zimejaa mchanga.

Mwamuzi alimtazama Bilkisi, akamtazama mumewe, akaitazama tena picha. Alionekana mtu aliyechoka, na kwake kubadili neno mbele ya umati ule ilikuwa hatari zaidi kuliko kukosea.

"Mama, mi niliomba foto," alisema. "Sikuomba jicho yako. Kapiteni mwenyewe alisema maneno yako batupe. Si vile, Antoine?"

Watu wakaangua kicheko, filimbi ikalia, na mchezo ukaisha Étoile wakiwa washindi. Wakambeba Iddy mabegani. Tata Tshilombo alimpa mkono mbele ya kijana wa Mutshatsha na kusema kwa sauti ya kusikika kwamba golikipa wake ni huyu, hana mwingine. Katikati ya nyimbo, juu ya vichwa vya watu, Iddy aligeuka mara moja akamtafuta mkewe. Alipomwona, akageuka tena upande mwingine.

Jioni alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anafua glovu zake kwenye beseni. Bilkisi alikuja akasimama karibu.

"Ungenyamaza," Iddy alisema bila kuinua kichwa.

"Iliingia ama haikuingia?"

"Iliingia. Mi njo niliishika, nitakosa kujua?"

"Basi nilisema bongo?"

"Hapana." Alizikamua glovu, maji yakatoka mekundu kwa udongo wa uwanja. "Na place yangu ku goli niko nayo, sikatae. Wewe haukuniharibia kitu. Arbitre Stany hakuona, Antoine hakuona, Tata Tshilombo hakuona, bale bantu bote kule hawakuona. Lakini hata bangeona, mi singekuwa na tabu nabo. Mi nilitaka mutu mumoja tu asione."

Ilimuuma Bilkisi, na iliuma zaidi kwa sababu hakukuwa na kosa la kuomba msamaha. Akamuuliza kama amtolee foto ile kubwa, ya kuweka ukutani. Iddy alitikisa kichwa.

"Jumapili ingine," alisema, "ukae ku goli ya bale bengine."

"Sawa, Baba Latifa."

Jumapili iliyofuata alikaa huko. Kazi ni kazi. Alipiga magoti pembeni ya mlingoti, akalenga lenzi, akafanya vizuri, akampata mshambuliaji wa Étoile kichwa na mpira vimegusana na jasho limeruka pembeni kama maji ya mvua. Goli la Iddy lilikuwa ng'ambo kule, nyuma ya vumbi la uwanja mzima, na lenzi yake haikufika. Mara kelele zikalipuka kutoka upande ule, watu wa kule wakasimama wote kwa pamoja. Bilkisi naye akasimama. Akaishusha kamera, akakaza macho yake yote mawili, hakuona kitu ila migongo.

Karibu naye alikuwa mama mmoja muuza maji ya vifuko, amepanda juu ya kreti.

"Mama," Bilkisi alimuuliza, "ameidaka?"

"Ameidaka! Yesu wangu, ameidaka na mukono moja!" Yule mama alimtazama chini, na kamera yake shingoni, akashangaa. "We haukuona?"

"Hapana," alisema Bilkisi. "Sikuona."