Unga wa Mzee Makokha

"Dawa ya kifafa haijafika, mama. Jaribu mwezi ujao," muuguzi alisema bila kuinua macho, akafunga dirisha la dispensari. Huo ulikuwa mwezi wa nne wa jaribu mwezi ujao.

Nabwile alimbana kuku wake kwapani, akamshika bintiye Vivian mkono, ule wenye kovu la siku alipoanguka motoni, wakashika njia ya Naitiri kwa Mzee Makokha mganga. Dawa yake ya unga ilikuwa imemkalisha mtoto wiki tatu nzima bila kuanguka. Nabwile alikuwa amemsifu mganga huyo mpaka kanisani, liwe liwalo.

Makokha hakuwa na haraka. Alimuuliza Vivian amelalaje, ameota nini, akampaka majani kwenye paji la uso, kisha akaingia chumba cha kusagia. Humo haingii mtu. Dawa ikionwa na macho mengine, huharibika. Ndivyo alivyowaambia wote.

Lakini kuku hajui mwiko. Alichomoa miguu kwenye kamba, akachomoka mbio hadi humo ndani, na Nabwile akamfuata bila kufikiri.

Lo! Mizizi ilikuwa imetupwa kando. Juu ya jiwe palikuwa na vidonge, vyeupe, rundo zima, na karibu yake mkebe ulioandikwa kwa herufi kubwa: MALI YA SERIKALI. HAIUZWI.

"Woi! Mzee, si hii ni ya dispensari? Ati haijafika!"

"Ilifika, mama Vivian. Ikatokea mlango wa nyuma." Makokha alionekana amechoka tu. "Mwenye kukufungia dirisha ndiye ananiuzia. Mizizi nimejaribu miaka mingi. Kifafa hakisikii."

"Na mimi namshukuru Mungu kwa mizizi yako! Basi nipe hivyo vizima, nijue mtoto anameza ngapi."

"Siwezi. Ukishikwa na kidonge, wataniuliza kimetoka wapi. Kikisagwa, ni miti shamba."

Nabwile aligeukia mlango kwa hasira. Angepiga nduru mpaka chifu aje. Na chifu akija, ataubeba mkebe, halafu Vivian arudi kuangukia moto.

"Mama, umemshika kuku?" Vivian aliita kutoka nje.

"Nakuja."

Alivuta kigoda, akaketi mbele ya jiwe, uso kwa uso na mganga.

"Saga," alisema. "Lakini hesabu kwa sauti."