Nyumba ya Ushirika

Kosa ni langu, ningeandika Kiingereza. Kwenye grupu la WhatsApp la kanisa niliandika: "Mniombee. Jumamosi saa nne naenda Hockley kuangalia nyumba ya ushirika, chumba kimoja, mtaa mtulivu." Nilimaanisha jengo ambalo wakazi wanalimiliki pamoja, na hununui mpaka kamati yao ikuhoji na kukukubali. Basi.

Jumamosi nikakuta watu kumi na wanne mlangoni. Mchungaji Cleopas alikuwa amevaa kola yake ya kichungaji. Mama Beverly alibeba sufuria ya pilau. Derrick alikuwa anashusha spika kubwa kama friji.

"Bwana asifiwe!" mchungaji akasema. "Hatimaye ushirika wetu umepata nyumba!"

Kabla sijajibu, mwenyekiti wa kamati, mzee Mwingereza anayeongea kama yuko maktaba, akafungua mlango. Akauliza kama wote hawa wanahamia. Wakampita wakiimba. Mama Beverly akakagua jiko, akasema ni dogo mno. Derrick akatafuta soketi. Mwenyekiti akafunga faili lenye jina langu.

Mimi, muuguzi niliyekaa miaka sita Lozells kwenye chumba cha kupanga, nikivumilia kelele za watu, nilisimama koridoni nikitamani ardhi inimeze.

Mchungaji akatoka chumbani na futi ya kupimia mkononi, uso unang'aa. "Madhabahu itakaa hapo dirishani. Tukibomoa huu ukuta tunatosha arobaini." Kisha akanishika bega kwa huruma ya kweli.

"Sasa tukuombee na wewe, dada Nyambura, upate nyumba yako."